Waraka kwa Mzee Kamal Haasan kuhusu mkono wa Esakki

Mheshimiwa Kamal Haasan,
Chennai, Tamil Nadu.



Nakuandikia kutoka Dar es Salaam, mimi mtazamaji wako wa miaka mingi. Umeshavuka miaka sabini, na kwetu umri una haki zake, kwa hiyo nitasema nikiwa nimekaa mkao wa mdogo mbele ya mkubwa. Lakini nitasema yote. Kumheshimu mkubwa huku unamficha jambo linalomhusu ni kumdharau kwa mlango wa nyuma.

Jambo lenyewe ni Thevar Magan, filamu yako ya mwaka 1992. Wewe ndiye uliyeiandika, ukaigharimia, ukawa steringi wake. Bharathan aliiongoza, Ilaiyaraaja akaitungia muziki, na Sivaji Ganesan akakubali kuwa baba yako. Wengi wetu huku tuliijua hadithi hiyo kwanza kupitia Viraasat ya mwaka 1997, pale Priyadarshan alipoigeuza kuwa ya Kihindi, akampa Anil Kapoor nafasi yako na Amrish Puri nafasi ya mzee. Njiani jina la tabaka la Thevar likaachwa, likashikwa la Thakur, nasi tukaona ugomvi wa ndugu wa ukoo mmoja wanaogombania mali na ukubwa wa kijiji. Tabaka hatukuliona. Leo filamu za Kusini mwa India zimejaa kwenye vibanda vyetu vya video, zikisimuliwa kwa Kiswahili na kina DJ Afro wa Kenya na wenzao wa Tanzania, na watu bado wanaziita zote "za Kihindi". Vijana wanaiga mwendo wa steringi, anavyopandisha shuka na kuikunja kabla ya kupigana, anavyosokota masharubu. Hawajui masharubu yale ni ya nani na yanamtisha nani. Ndiyo maana nimeuacha waraka huu wazi, ili na wao wausome.

Nikupe kwanza haki yako. Kuna ile sehemu ambapo Sakthi, uliyemcheza wewe, aliyerudi kutoka London na mpenzi wake Bhanu, anataka kuondoka kijijini akafungue mikahawa yake mjini. Baba yake, Periya Thevar, anamweleza habari ya mbegu: anayepanda leo huenda asile tunda, atakula mwanawe, au mjukuu wake, na kupanda kunabaki kuwa wajibu. Sivaji anayasema hayo kwa sauti ya mtu anayejua siku zake zimekwisha. Na wewe, ambaye kwa kawaida skrini huwa haikutoshi, ulimwachia mzee nafasi yote ukakaa kimya ukimsikiliza. Uandishi ule ni wa hali ya juu, na ubora wake ndio unaonipa shida. Filamu mbovu ikisifia ukoo fulani, wiki ya pili imeshasahaulika. Yako ina miaka zaidi ya thelathini na bado inafanya kazi.

Kazi gani? Baba anakufa, na Sakthi anatutokea upya. Nywele ndefu hazipo. Ndevu hazipo. Masharubu yamesokotwa, shuka nyeupe ya veshti imefungwa kiunoni, na kijiji kizima kinamwangalia kama kilivyokuwa kikimwangalia baba yake. Msomi wa London amekuwa mwanamume kamili siku anapofanana na mzee, na yote aliyokuja nayo, elimu, mpenzi, mipango ya biashara, yanageuka kuwa mambo ya ujana aliyokuwa akiyapitia tu. Najua mwisho wa filamu unasema vingine. Sakthi amemuua Maya, mtoto wa baba yake mdogo, hataki mtu mwingine abebe kosa hilo, na anawasihi wanakijiji waache mundu, wasomeshe watoto. Naamini ulimaanisha kila neno. Lakini kwa zaidi ya saa mbili kamera ilikuwa imeshawaonyesha watu kipi cha kupenda, na mtu hutoka sinema na kile alichoonyeshwa kikipendwa. Hotuba ya mwisho wanaivumilia wakisubiri taa ziwashwe.

Halafu ukaja ule wimbo wa kumsifu mwana wa Thevar. Kwa miaka mingi umekuwa ukipigwa kwenye sherehe na maandamano ya watu wa tabaka hilo, hasa inapokaribia tarehe 30 Oktoba, siku ambayo Pasumpon Muthuramalinga Thevar alizaliwa mwaka 1908 na akafa mwaka 1963. Anayeusikia kutoka nyumba za upande wa pili wa kijiji, wanakoishi Wadalit, waliowekwa chini kabisa katika ngazi ya matabaka, anajua anaambiwa nini. Wala si mimi wa kwanza kukuandikia juu ya hili. Mari Selvaraj, aliyekulia kusini mwa jimbo lako kwenye nyumba za upande huo, alikwisha kukuandikia kabla hajawa mwongozaji wa filamu anayejulikana.

Watetezi wako watasema nimesahau historia, kwa hiyo niiseme. Waingereza, kwa sheria yao ya makabila ya wahalifu, waliwaandikisha Wakallar wa Piramalai, sehemu ya hao Thevar, kama watu waliozaliwa wezi. Wanaume wazima wakachukuliwa alama za vidole, wakalazimishwa kuripoti kwa polisi kila usiku ili wahesabiwe. Mwezi Aprili 1920, kule Perungamanallur karibu na Usilampatti, waliokataa kuandikishwa walipigwa risasi. Mwanamume aliyekuwa akihesabiwa usiku kama mfungwa katika kijiji chake mwenyewe, mjukuu wake akifuga masharubu na kuyasokota mbele ya kituo cha polisi, siwezi kumcheka. Ile ni heshima iliyoporwa na anaitaka irudi. Ninachokuuliza, Mzee, ni alikwenda kuitafutia wapi. Mkoloni aliondoka mwaka 1947, na heshima ile ikadaiwa kwa wasiokuwa wameichukua, watu walio chini yake katika ngazi ileile, wakatwe mkono, wavue viatu, washuke kwenye baiskeli wanapopita mbele ya nyumba za wakubwa. Wewe ulikuwa na kalamu ya kuyaandika hayo yote mawili, jeraha na pale lilipohamishiwa. Uliandika fahari.

Na mkono ukakatwa kweli, ndani ya filamu yako. Hapa naomba tukae kidogo.

Sakthi anamtembeza Bhanu kijijini, wanafika kwenye hekalu la zamani, wanalikuta limefungwa kufuli kwa amri ya baba yake mdogo. Anamwagiza Esakki, mtumishi na rafiki yake, alifungue. Esakki anafungua. Wageni wanaingia, wanatazama, wanatoka. Baadaye watu wa Maya wanamkata Esakki mkono. Tajiri alitaka kumpendezesha mpenzi wake kwa nusu saa, na maskini akalipa kwa mkono wake kwa maisha yake yote. Halafu inakuja hospitali. Sakthi amesimama kando ya kitanda, ameumia, macho yamejaa. Na Esakki, aliyechezwa na Vadivelu, ndiye anayemfariji. Anamwambia shida ni ndogo tu, kuanzia sasa mkono wa kulia chakula na wa kujisafishia chooni utakuwa mmoja.

Mtu wa pwani yetu hahitaji kufafanuliwa utani ule. Sisi nasi tunakula kwa mkono wa kulia na kujitawadha kwa wa kushoto, na tunajua ni aibu ya namna gani mtu anayoimeza anaposema vile mbele ya bwana wake. Ukumbi ulicheka. Pengine ukalia pia. Lakini kamera iliporudi, ilirudi kwenye uso wako. Maumivu ya Esakki yalihesabiwa kwa machozi ya Sakthi, na ukurasa wake ukafungwa. Katika hadithi nzima ya heshima, aliyekatwa mkono hakupewa hata haki ya kukasirika.

Umezaliwa Paramakudi, Mzee, mwezi Novemba 1954. Hukuwa umefikisha miaka mitatu pale Immanuel Sekaran alipouawa katika mji wako huo, tarehe 11 Septemba 1957. Alikuwa amerudi kutoka jeshini, kiongozi wa Wadalit wenzake, na siku moja kabla alikuwa ameshiriki kikao cha amani kilichoitishwa na mkuu wa wilaya baada ya machafuko, ameketi kama mjumbe miongoni mwa wajumbe. Mpaka leo inasimuliwa kwamba kosa lake lilikuwa lile, kuketi wakati alitarajiwa kusimama. Mtu aliyezaliwa Paramakudi hawezi kuambiwa maana ya kiti na mgeni kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo sikuambii maana yake. Nakuuliza tu kwa nini katika filamu yenye mabaraza mengi na viti vingi vya fahari, hakukuwa na hata kimoja cha mtu kama yule.

Mari Selvaraj alikipata kiti hicho mwaka 2023, katika Maamannan. Alimchukua Vadivelu yuleyule, akampa nafasi ya mbunge wa jimbo lililotengewa Wadalit, mtu mzima mwenye cheo, ambaye kila akifika kwa kigogo wa chama chake, Rathnavelu, huwa amesimama. Wenzake wameketi, yeye amesimama, na viti vipo. Mwanawe anaingia siku moja anamwambia, baba, keti. Ugomvi wote wa filamu unaanzia hapo. Kabla ya filamu kutoka, kwenye uzinduzi wa nyimbo zake, Mari alisema mbele yako kwamba Thevar Magan ndiyo iliyomzalia Maamannan, na kwamba mbunge huyu ndiye Esakki wake. Ulikuja kwenye hafla ile na ukamsikiliza, nami nakusifu kwa hilo, kwa kuwa wakubwa wengi wa tasnia yenu wasingekubali kukaa kwenye ukumbi wa namna hiyo.

Lakini tazama kilichotokea baadaye. Filamu ilipowekwa Netflix, vijana walikata vipande vya Rathnavelu, yule adui aliyechezwa na Fahadh Faasil, anayeua mbwa wake mwenyewe kwa hasira ya kushindwa, wakavibandikia nyimbo za kusifu tabaka zao na kumfanya shujaa. Filamu iliyotengenezwa kujibu masharubu ikaporwa na masharubu. Wapo wanaomlaumu Mari. Mimi nawaona watazamaji waliofundishwa kwa miaka thelathini kumtambua mwanamume kwa ishara hizo tatu, ukimya wa kutisha, mwendo wa taratibu na watu wanaoinuka anapopita, mpaka hawaulizi tena anafanya nini. Katika somo hilo wewe ulikuwa mwalimu bora kuliko wote. Chinna Gounder ilitoka mwaka huohuo wa 1992, Nattamai ikafuata mwaka 1994, za wakubwa wa vijiji wenye hukumu zisizokatiwa rufaa. Hizo sina la kuzidai, hazikuahidi kitu.

Sasa wanawake. Panchavarnam ameachwa siku ya ndoa yake, bwana harusi amekimbia kwa kumwogopa Maya. Aibu itakuwa ya msichana, si ya aliyekimbia wala ya aliyemtisha. Sakthi anamfunga yeye mwenyewe kidani cha ndoa, na filamu inatuonyesha sadaka ya mwanamume: amemwacha ampendaye, amebeba mzigo wa kijiji. Panchavarnam hakuulizwa. Bhanu naye hakuulizwa. Revathi alipata tuzo ya taifa kwa nafasi ya Panchavarnam na aliistahili, maana aliandikiwa haya na kutazama chini, yeye akatuonyesha mtu anayefikiri. Ila hesabu inabaki palepale. Mwanamume akitenda, anajipatia heshima. Mwanamke ni mahali heshima hiyo inapotunzwa, na chombo hakiulizwi kinataka kutunza nini.

Huo mpangilio una damu nje ya sinema, nawe unaijua. Udumalpet, tarehe 13 Machi 2016, kijana wa Kidalit aliyekuwa akisomea uhandisi alikatwakatwa barabarani mchana kweupe kwa kumwoa msichana wa tabaka la juu, na mkewe akajeruhiwa pamoja naye; kamera za usalama za mtaani zilirekodi. Wewe uliapishwa kuwa mjumbe wa Rajya Sabha, baraza la juu la Bunge la India, tarehe 25 Julai 2025. Siku mbili baadaye mhandisi wa kompyuta, kijana wa miaka 27, akauawa kwa silaha ya makali huko Tirunelveli, na anayeshtakiwa ni ndugu wa kiume wa msichana waliyekuwa wakipendana. Sidai kwamba filamu yoyote ilimtuma mtu. Nasema waliofanya hayo walijiona wanaume wakati wakiyafanya, na picha ya uanaume wao waliitoa mahali.

Vetrimaaran aliitazama picha hiyo kwa karibu kuliko mtu yeyote, katika Oor Iravu, moja ya filamu fupi nne za Paava Kadhaigal ya mwaka 2020. Baba, aliyechezwa na Prakash Raj, anamfuata binti yake mjamzito mjini na kumrudisha nyumbani eti kwa sherehe ya mimba. Ni mpole. Anaangalia nyumba ya mkwewe, anakula, anatabasamu. Usiku anampa binti maji ya kunywa. Sumu inapoanza kazi, mlango umefungwa, mama na wadogo zake wanalia upande wa pili, na baba ameketi anasubiri iishe. Hakuna wimbo. Hakuna mundu. Hakuna pembe ya kamera ambayo kijana anaweza kuikata akaibandikia sifa. Inawezekana, basi, kutengeneza filamu ya heshima isiyoweza kuporwa.

Na wewe ulikuwa umeshaliweza hilo kabla yao wote, jambo ambalo limenisukuma kukuandikia wewe na si mwingine. Mwezi Januari 1994, hata miaka miwili haijapita tangu Thevar Magan, ulitoka na Mahanadi, nayo uliiandika wewe. Krishnaswamy amefungwa jela kwa hila za tapeli, mali yake imekwenda, familia yake imetawanyika. Akitoka jela, anamkuta binti yake Sonagachi, Calcutta, kwenye nyumba ya makahaba. Kwa sheria ya wale wenye mundu, msichana yule ameshakufa. Kilichobaki ni mwanamume wa kumalizia. Krishnaswamy anamkumbatia. Analia kama mtoto mbele za watu, anawasihi wamwachie mwanawe, na wanawake wa nyumba ile wanamchangia fedha zao wenyewe ili aondoke naye. Anamrudisha nyumbani. Basi. Binti hajapoteza heshima ya mtu, kwa sababu baba hakuwa ameiweka kwake.

Sijapata kuona baba shujaa kuliko yule katika filamu za Kitamil, na nimewaona wengi. Nimemwona Sivasaami wa Asuran, Dhanush akizunguka nyumba kwa nyumba na kuwasujudia watesi wake ili mwanawe aachiwe. Nimemwona baba katika Pariyerum Perumal ya mwaka 2018, mcheza ngoma anayevaa kike jukwaani, mpaka mwanawe anaona haya kumpeleka chuoni na anatafuta mtu wa kujifanya baba. Na baba halisi anapokuja, wanafunzi wanamvua nguo na kumkimbiza barabarani. Wote hao ni ndugu wa Krishnaswamy wako. Lakini vijana hawakuvaa kama Krishnaswamy. Mikutano haikupiga nyimbo za Mahanadi. Kati ya watoto wako wawili, Mzee, mmoja amezunguka nchi nzima kwa ngoma na mwingine amebaki kwenye midomo ya wapenzi wa sinema, na wewe mwenye sauti iliyosikika kuliko ya wote bado unayo nafasi ya kusema ni yupi uliyekusudia arithi nyumba.

Ombi langu ni moja. Mwaka 2018 ulitangaza nia ya kutengeneza sehemu ya pili ya Thevar Magan. Ukiirudia siku moja, usianze na mtoto wa Sakthi akifuga masharubu. Sehemu ya kwanza iliishia stesheni, Sakthi akipelekwa kwa polisi. Anza na Panchavarnam anaporudi nyumbani kutoka hapo. Ana jumba kubwa la mkwe aliyekufa na mume anayekwenda jela, kijiji kimezika watu wake, mama yake Maya amepoteza mwana, na Esakki yupo mlangoni na mkono mmoja, anasubiri kuambiwa aketi au asimame. Mwache Panchavarnam aamue. Kalamu yako inamtosha, na Revathi bado yupo.

Nakutakia afya njema, Mzee wangu, na kazi njema bungeni.

Mtazamaji wako,
Dar es Salaam.